Mtunisha Misuli na Wiki ya Mwisho: Mkokoteni ni Bora Kuliko Kidonge

Kijana anayejitayarisha kwa mashindano ya kutunisha misuli hubadilika nyumbani kabla hajabadilika mbele ya waamuzi. Wali wa nazi humpita, chai huinywa bila sukari, hasira huwa karibu na usingizi humwia haba. Haya yote aila huyavumilia, kwani kila mchezo una gharama yake. Lakini ikifika ile wiki ya mwisho, na kijana akaanza kuyakimbia maji, au akaonekana na vidonge vidogo asivyotaka kueleza ni vya nini, hapo mzazi hana tena ruhusa ya kunyamaza.

Hatuuandami mchezo huu kwa kuutia ila. Kijana aliyeshikamana na vyuma, akalala mapema na kujiepusha na muguka na moshi, amechagua jambo lenye kheri kuliko mengi yanayomngojea barazani. Tunalotaka kulisema ni moja tu. Ule ukavu wa mwili anaoutafuta hupatikana kwa kazi ya wiki nyingi, na zipo njia za kazi hiyo ambazo jimu nyingi hazizifundishi. Kiu ya siku tatu haiuleti.

Kwanza tufahamu waamuzi wanatazama nini. Hutazama ukubwa wa misuli, hutazama ulinganifu wa viungo, kisha hutazama kama misuli yaonekana mmoja mmoja, kana kwamba ngozi iliyoifunika ni karatasi. Sifa hii ya tatu ndiyo inayowahangaisha washindani, na asili yake ni uchache wa shahamu chini ya ngozi. Mwanamume aliyefika jukwaani akiwa tayari kwelikweli aghalabu huwa na shahamu ya karibu asilimia 5 ya uzito wake. Kosa huanzia pale mtu aliyebaki na shahamu nyingi anapodhani kuwa kinachoificha misuli yake ni maji, akaamua kuyatoa.

Maji hayatii amri ya namna hiyo. Misuli yenyewe, karibu robo tatu yake ni maji. Ile akiba ya wanga iliyomo ndani ya misuli, iitwayo glaikojeni, kila gramu moja yake hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Hatuwezi kuuambia mwili utoe maji ya chini ya ngozi peke yake na kuyaacha ya ndani ya misuli na ya damu. Ukikaushwa, hutoa kote. Misuli hunywea, na mishipa iliyokuwa imejaa hujificha kwa kuwa damu imepungua ujazo. Hivyo, hata kwa kipimo cha jukwaa peke yake, bila kutaja siha, mtu huyu amejidhulumu. Amefanya kazi mwaka mzima kuijaza misuli, kisha akaipunguza usiku wa kuamkia siku ya kuionyesha.

Lau madhara yangekomea kwenye kukosa nishani, tusingeyaandikia. Mwaka 1990, mjini New York, Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria aliyekuwa akishindana kwa jina la Ufaransa, alimshinda Dorian Yates wa Uingereza, yule ambaye baadaye alitwaa taji la Mister Olympia mara 6 mfululizo kuanzia 1992. Mtu anayemshinda Yates si mwanagenzi. Mwezi Oktoba 1992 Benaziza alishinda mashindano nchini Uholanzi, na saa chache baadaye alifariki dunia. Kifo chake kilihusishwa na kukauka maji kulikosababishwa na dawa za kuongeza mkojo. Mwezi Machi 1996 akafuata Andreas Münzer wa Austria, aliyesifika ulimwenguni kwa wembamba wa ngozi yake. Alifia hospitalini Munich, viungo vyake vya ndani vikiwa vimeshindwa kufanya kazi, baada ya kuchanganya dawa nyingi, zikiwemo hizo hizo za kuongeza mkojo. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Wala si vidonge peke yake. Mwishoni mwa 1997 wanafunzi watatu wa vyuo nchini Marekani, wote wanamieleka, walifariki ndani ya muda wa wiki chache. Walikuwa wakipunguza uzito ili wafae katika daraja zao, na njia yao ilikuwa kuvaa mavazi ya mpira yasiyopitisha hewa, wakafanya mazoezi makali katika joto huku wakijinyima maji. Baada ya misiba hiyo, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo kilipiga marufuku mavazi hayo, vyumba vya joto na dawa za kuongeza mkojo. Twawaomba vijana wetu wanaojifunga mifuko ya nailoni tumboni na kukimbia jua la saa nane wayatie maanani haya. Hali ya hewa ya pwani yetu, yenye joto na unyevunyevu unaouzuia jasho kukauka, haihitaji kusaidiwa kumdhuru mtu.

Tueleze kwa ufupi namna madhara yanavyoingia. Moyo hupiga kwa mpango unaotegemea chumvi za mwili, hasa potasiamu na sodiamu, ambazo kipimo chake katika damu ni chembamba mno. Baadhi ya dawa za kuongeza mkojo huitoa potasiamu pamoja na maji, na nyingine huizuia isitoke. Ikipungua kupita kiasi, moyo hupoteza mpango wake. Ikizidi kupita kiasi, vilevile. Mshindani asiyejua kidonge alichomeza ni cha aina gani, kisha akaikata chumvi chakulani na kuongeza vidonge vya potasiamu alivyoelekezwa na rafiki, ameuweka moyo wake mahali ambapo hata daktari hospitalini asingeuweka bila ya kumpima damu. Kumbukeni pia kwamba dawa hizi si adimu. Babu mwenye shinikizo la damu au moyo uliochoka hupewa, naye huziweka kabatini. Kwake ni tiba yenye kipimo. Kwa mjukuu wake aliyekwisha kujinyima maji ni hatari, na katika kanuni za kimataifa za michezo zimekatazwa wakati wote, ndani ya mashindano na nje yake.

Sasa, ikiwa si kiu wala si kidonge, huo ukavu utatoka wapi? Jawabu ni kazi na chakula, navyo viwe na muda. Wataalamu wa mchezo huu hushauri mtu apunguze baina ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wake kwa wiki. Mwenye kilo 90, basi, apunguze gramu 450 hadi 900. Akijipa wiki 12, atakuwa ameondoa kilo 5 hadi 10 au zaidi kidogo, na sehemu kubwa itakuwa shahamu, maadamu anakula protini ya kutosha na anaendelea kuinua vyuma vizito. Anayekumbuka mashindano zikiwa zimebaki wiki 3 ndiye anayetafuta kidonge. Wazee walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na hapa pupa ni kuchelewa kuanza kisha kutaka kuwahi.

Kwa upande wa kazi, desturi ya jimu nyingi ni kumpandisha mshindani juu ya mashine ya kukimbilia, akaenda saa nzima kila siku, na siku nyingine mara mbili. Njia hii huunguza nguvu, hatukatai, lakini ina kasoro yake. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, aliwafanyisha watu mazoezi ya nguvu pamoja na mazoezi mengi ya pumzi kwa wiki 10. Nguvu zao zilipanda kwa wiki 7 hivi, zikasimama, kisha zikaanza kushuka, ilhali waliofanya mazoezi ya nguvu peke yake waliendelea kupanda. Mshindani aliyejinyima chakula na akakimbia bila kikomo yuko katika hatari ya kuila misuli yake mwenyewe.

Hapa ndipo zinapoingia njia zisizozoeleka, ambazo kwa hakika ni kongwe kuliko jimu yoyote. Nchini Iran iko nyumba ya mazoezi iitwayo zurkhaneh, yaani nyumba ya nguvu, ambayo desturi zake ziliandikwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya turathi za wanadamu. Wanaume hushuka ndani ya shimo lenye pembe nane. Kiongozi hukaa juu akipiga ngoma na kengele na kuimba mashairi, nao hufuata mapigo yake. Huzungusha marungu makubwa ya mbao mabegani, hulala chali wakanyanyua ngao nzito za mbao, hutikisa upinde wa chuma wenye minyororo juu ya vichwa vyao, na huzunguka kama pia. Kazi ya nguvu na kazi ya pumzi hapo hazikutenganishwa.

Bara Hindi nako alitokea Gama, jina lake Ghulam Muhammad, mwanamieleka aliyefika London mwaka 1910 na kumkabili bingwa wa Poland, Stanislaus Zbyszko. Pambano lile halikupata mshindi, na waliporudiana Patiala mwaka 1928, Gama alimwangusha kabla ya dakika moja kwisha. Mafunzo ya watu wa namna yake yalikuwa kuchuchumaa na kuinuka mara nyingi mno, kujisukuma kutoka ardhini kwa mikono huku mgongo ukipinda kama wimbi, kuzungusha rungu, na kuilima kwa jembe ile ardhi ya uwanja wa mieleka. Hawakuwa wakijitayarisha kwa jukwaa la misuli. Lakini miili yao yatuonyesha kuwa mzigo ukitembezwa hujenga na huku unaunguza.

Tuchukue sasa njia nne ambazo kijana wa kwetu aweza kuzifuata bila gharama kubwa.

Ya kwanza ni kuvuta na kusukuma. Hamali wa Mombasa anayesukuma mkokoteni uliojaa magunia kuelekea sokoni anafanya zoezi ambalo wanamichezo wa ng'ambo hulinunulia chombo maalumu cha chuma. Asiye na mkokoteni atafute tairi kuukuu la gari, alifunge kamba, aweke mawe juu yake, alivute kwa mkanda wa kiunoni. Siri ya zoezi hili ni kwamba maumivu makubwa ya misuli hutokana zaidi na ile sehemu ya kushusha mzigo, pale misuli inaporefuka huku imebeba. Katika kuvuta na kusukuma, sehemu hiyo ni ndogo sana. Kwa hiyo mtu anayekula kidogo, ambaye mwili wake hujitengeneza polepole, aweza kufanya kazi nyingi bila ya kuamka kesho yake amekakamaa. Aanze na mita 30, apumzike mpaka pumzi itulie, arudie mara 6 au 8, siku 2 kwa wiki, kisha aongeze kidogo kidogo.

Ya pili ni kubeba na kutembea. Madumu mawili ya lita 20, yakijazwa, yana kilo 40 za maji. Kuyabeba, moja kila mkono, kifua wazi na mgongo wima, hufanya kazi vidole, mabega, mgongo na tumbo kwa pamoja. Gunia la mchanga lililokumbatiwa kifuani ni gumu zaidi, kwani halina pa kushika na linabana pumzi. Mwenye kuzoea mizigo hii atastahimili vyema pale atakapotakiwa asimame jukwaani huku amekaza kila msuli.

Ya tatu ni mchanga. Sisi watu wa pwani tumejaaliwa fuo ambazo wengine huzisafiria. Watafiti waliopima wamekuta kuwa kutembea juu ya mchanga mlaini hugharimu nguvu mara 2 hata zaidi kuliko kutembea juu ya ardhi ngumu, na kukimbia hugharimu kama mara 1.6. Maana yake ni kuwa nusu saa ya kutembea mchangani alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, yaweza kumtosha mtu badala ya saa nzima barabarani, na magoti yake yakapata afueni ya kutogonga lami. Anayeanza avae viatu na asizidishe, kwani mchanga huuvuta mshipa wa kisigino.

Ya nne ni mikao yenyewe. Vijana wengi huiacha mpaka siku chache kabla, kisha hutetemeka mbele ya watu. Kukaza mwili mzima katika kila mkao kwa nusu dakika, ukahamia mkao mwingine bila kulegea, na ukarudia mzunguko huo mara kadhaa, ni kazi inayotoa jasho kama kazi nyingine yoyote. Zaidi ya hayo, humfundisha mshindani kuuonyesha mwili alionao. Mara nyingi aliyedhani amekosa ukavu amekosa tu kujua kusimama.

Njia hizi nazo zina adabu zake. Mwaka 1977, katika mashindano ya kwanza ya mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, Franco Columbu, aliyekuwa ametwaa taji la Mister Olympia mwaka uliotangulia, alipewa friji abebe mgongoni akimbie nayo. Mguu wake uliteguka vibaya mbele ya kamera, na ilimchukua muda mrefu kurudi jukwaani, ambako alishinda tena mwaka 1981. Funzo hapa ni kwamba mzigo usiozoeleka huanza mwepesi, hata kwa bingwa. Na kadiri siku ya mashindano inavyokaribia, ndivyo mizigo hii ipunguzwe. Wiki ya mwisho si wakati wa kujaribu jambo jipya.

Wala tusiwadanganye wasomaji wetu kuwa aliyejiepusha na vidonge amesalimika na kila kitu. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya kitabibu kuhusu mtunisha misuli mmoja asiyetumia dawa, aliyefuatiliwa kwa miezi 12, nusu yake akijitayarisha na nusu yake akijirejesha. Shahamu yake ilishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Mapigo ya moyo wake alipotulia yalishuka kutoka 53 hadi 27 kwa dakika, na homoni yake ya kiume ikabaki kiasi cha robo ya ilivyokuwa. Baada ya mashindano alianza kurejea. Tunajifunza kuwa hali ile ya jukwaani ni ya kupitia tu, haikaliki. Anayetaka kuishi nayo mwaka mzima ataharibu siha yake, na aliyeoa ajue kuwa na nyumba yake itaguswa.

Wapo wanaotuuliza: kama kujinyima maji ni dhara, mbona sisi hufunga mwezi mzima? Hivi ni vitu viwili mbalimbali. Aliyefunga hunywa daku, na jua likizama hunywa tena. Figo na damu yake hurudishiwa haki kila usiku, naye mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa. Mshindani anayejikausha hunyimwa mchana na usiku, tena huongezewa dawa ya kuyatoa hata yale machache yaliyobaki. Ibada yenyewe imeweka mpaka wa magharibi na ikamwachilia aliye dhaifu, basi vipi kombe la bati liwe na madai makubwa kuliko ibada? Mwili ni amana, na mwenye amana huitumia bila kuivunja.

Tumalizie kwa wazazi na walimu wa jimu. Zijueni dalili. Kijana akipata kizunguzungu anapoinuka, misuli ikikakamaa yenyewe, moyo ukienda mbio au ukirukaruka, akiongea maneno yasiyoungana, au mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya mkandaa baada ya mazoezi makali, asiambiwe avumilie mpaka kesho. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe ukweli wote wa alichomeza, kwani aibu ya kusema ni nyepesi kuliko maziko. Babu ahifadhi dawa zake mahali pa kufungwa. Mwalimu aanze kuhesabu wiki mapema, na mwanafunzi aliyechelewa amwambie waziwazi asubiri mashindano ya mwakani. Kijana naye ajue kwamba kushika nafasi ya nne akiwa na afya yake kunamwachia nafasi ya kurudi tena.

Wabillahi tawfiki.